Haraka kwa Kiingereza: Mwongozo wa Fundi, Mwendesha Boda na Mtafuta Kazi

Mteja wa Lavington ameagiza kochi la watu watano kwa fundi wa kando ya Ngong Road, Nairobi. Anauliza kwa WhatsApp litakuwa tayari lini. Fundi anajibu: “Don't worry madam, your sofa will be ready very fast.” Mteja anaelewa kilichokusudiwa, lakini jibu halimsaidii. Neno “fast” halikai pale, na siku yenyewe haikutajwa. Kabla fundi hajamaliza chai, mteja ameshawaulizia bei mafundi wengine wawili.

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya jambo hili: upesi, kasi, mbio, hima, chapuchapu, na “fasta” ya vijana. Hata hivyo, mzigo mwingi tumemtwika “haraka” peke yake. Njoo haraka. Anakimbia haraka. Bei zimepanda haraka. Niangalizie hii haraka. Nijibu haraka. Neno ni moja, na hakuna anayelalamika. Kiingereza kinataka neno tofauti karibu kwa kila sentensi, na anayetumia “fast” kila mahali anaeleweka kwa makanga lakini anapoteza alama kwenye mtihani, nafasi kwenye usaili, na pesa kwa mteja.

Mwongozo huu ni wa anayeandika meseji kwa mteja, anayepeleka maombi ya kazi, na mwanafunzi anayejiandaa kwa karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, ile yenye zoezi la kujaza mapengo.

KABLA YA KUCHAGUA NENO

Tatizo si uhaba wa msamiati. Watu wengi wa Kawangware, Riruta na Waithaka waliofika kidato cha nne wanayajua maneno haya. Waliyakariri shuleni kama orodha ya visawe: fast, quick, rapid, swift, speedy. Kwa maoni yangu orodha ile ndiyo iliyotuharibia, kwa sababu ilitufanya tuamini kwamba ukikosa moja unaweka lingine. Mwingereza hachagui neno kwa kuangalia ukubwa wa kasi. Anaangalia ni kitu gani kinachopimwa. Basi jiulize kwa mpangilio huu:

1. Kuna kitu kinachokwenda, au mashine inayofanya kazi kwa mwendo mkubwa? Tumia “fast”: a fast car, a fast runner, fast internet.

2. Kuna jambo linaloanza na kwisha kwa muda mfupi? Tumia “quick”: a quick question, a quick visit, a quick look.

3. Kuna kitu kinachobadilika, kinachoongezeka au kinachopungua? Tumia “rapid”: rapid growth, a rapid increase in prices.

4. Kuna mtu anayejibu, anayelipa au anayefika bila kuchelewa? Tumia “prompt”: prompt payment, a prompt reply.

5. Hakuna kasi yoyote, ila unataka kusema jambo liko karibu kutokea? Hapo ni “soon”. Kochi la yule fundi linaangukia hapa. Halikimbii popote, litakuwa tayari “soon”, au bora zaidi “by Friday”.

6. Unamaanisha mapema, kabla ya wakati? Hapo ni “early”. “Come fast tomorrow” ni kosa ukikusudia mtu afike alfajiri. Sema “Come early tomorrow.”

Ukiyazoea maswali haya sita, nusu ya makosa yako itakwisha. Nusu iliyobaki imo ndani ya maneno yenyewe, hasa mawili ya kwanza.

“FAST”: NENO LENYE MITEGO MINGI

“Fast” hupima mwendo. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani Septemba 2021, wastani wa karibu kilomita 37 kwa saa. Huyo ni “a fast runner”, na muda wake ni “a fast time”. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 mjini Vienna Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na yeye ni “fast” vilevile, ingawa mwendo wake ulikuwa kama kilomita 21 kwa saa. Neno halijali umbali. Ila mwanariadha anayechomoka mara tu mlio wa bastola unaposikika tunasema ana “a quick start”, kwa sababu pale kinachopimwa ni ule muda mfupi wa kuitikia mlio.

Sasa mitego.

Mtego wa kwanza ni “fastly”. Neno hilo halitumiki katika Kiingereza cha leo. Maneno mengi ya namna hiyo huongezewa “-ly” yanapoeleza kitendo: quick huwa quickly, rapid huwa rapidly. “Fast” halibadiliki. He is a fast driver. He drives fast. Vivyo hivyo “hard”: she works hard. Ukiandika “she works hardly” umesema hafanyi kazi karibu kabisa, na huyo ni mfanyakazi wako unayemwombea nafasi.

Mtego wa pili ni “more faster”. Chagua kimoja: “faster” au “more quickly”.

Mtego wa tatu unasikika kila asubuhi: “Let's fasten, we are late.” Anayesema hivyo anakusudia tuharakishe, lakini “fasten” maana yake ni kufunga kitu kikaze. Ndiyo maana matangazo ya mkanda ndani ya gari husema “fasten your seat belt”. Kiini chake ni kwamba “fast” ya zamani ilimaanisha imara, isiyotikisika, na maana hiyo bado ipo kwenye pembe za lugha: “hold fast” ni shikilia sawasawa, “fast asleep” ni kulala fofofo, na kitambaa kisichochuja rangi huandikwa “colour fast”. Ukitaka kuharakisha, sema “let's hurry” au “let's speed up”. Kwenye barua rasmi lipo “hasten”, lenye “h” mwanzoni.

Mtego wa nne ni wa masikio. Matamshi yetu wengi hufanya “fast” na “first” zisikike sawa, na kosa likishaingia mdomoni huishia kwenye maandishi: “I was the fast to arrive”, “fast aid kit”, “fast born”. Ukiwa unaandika, simama uulize: ni wa kwanza, au ni mwepesi? Kwenye simu ongeza neno moja: “the first one”. Hapo hakuna wa kuchanganyikiwa.

Mtego wa tano ni wa adabu. Unaweza kumsifu mwanamke kwa kusema “she is a fast worker” au “a fast typist”. Usiandike “she is a fast woman”. Kwa Kiingereza cha zamani kidogo hilo ni tusi. Humaanisha mwanamke asiyejiheshimu, na msomaji wa rika la juu atalisoma hivyo.

Ipo na saa ya ukutani. Ikitangulia kwa dakika tano, wanasema “the clock is five minutes fast”. Ikibaki nyuma ni “five minutes slow”.

“QUICK”, NA YALE YANAYOAMBATANA

“Quick” huhesabu muda. Ukiazima sikio la bosi kwa dakika mbili, una “a quick question”. Ukipita kwa shangazi Kabiria kabla ya giza, hiyo ni “a quick visit”. Ukioga chapuchapu ni “a quick shower”.

Palipo na ugumu ni kwamba maneno mengine yameshafunga ndoa na hayaachani, hata kama maswali yako sita yangekupeleka kwingine. Chipsi na kuku wa dirishani huitwa “fast food”; hakuna anayesema “quick food”. Lakini ukikaa mezani ukala upesi ukaondoka, umekula “a quick meal”. Hapa hakuna kanuni ya kukuokoa. Unayakariri yakiwa pamoja, jina na sifa yake, kama unavyokariri namba ya till ya duka lako.

KISANDUKU: MANENO YANAYOKWENDA PAMOJA

• Gari, treni, mkimbiaji, intaneti, chaja ya simu: fast
• Swali, mtazamo, ziara, mlo, simu ya dakika moja: quick
• Hasira za karibu: quick-tempered
• Mtu wa kujibu mapigo ya maneno: quick-witted
• Mtu anayeshika somo upesi: quick learner au fast learner, yote sawa
• Bidhaa inayotoka dukani upesi: fast-moving
• Ongezeko la watu, la bei, la maji mtoni: rapid
• Kipimo cha malaria kinachotoa majibu ndani ya kama dakika 20: rapid test
• Hatua ya polisi au ya serikali: swift action
• Malipo, jibu, huduma ya mezani: prompt
• Kupona: speedy recovery
• Matembezi ya mazoezi: a brisk walk
• Uamuzi wa pupa: a hasty decision
• Upepo: strong wind, si fast wind
• Mvua: heavy rain
• Mafuriko ya ghafla: flash floods

Mstari wa upepo unastahili neno zaidi. Makao ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako hapa hapa Dagoretti Corner, na matahadharisho yake ya Kiingereza husema “strong winds” hata yanapotaja mwendo wenyewe. Upepo wa “25 knots” ni kama kilomita 46 kwa saa, na bado ni “strong”. Kiingereza huuhesabu upepo kwa nguvu zake. Anayeandika insha kuhusu mabati yaliyong'oka asiseme “the wind was very fast”.

Na mstari wa kupona pia. Kwenye vikundi vya WhatsApp vya chama na vya kanisa husomeka “Quick recovery mum”. Hakuna atakayekasirika, lakini kauli iliyozoeleka ni “I wish you a speedy recovery”, na hiyo “a” isiachwe. “Speedy” nje ya hapo halina kazi nyingi. Kama huna mgonjwa wala kesi mahakamani (a speedy trial), huenda usilihitaji mwaka mzima.

MANENO MENGINE, KWA UFUPI

“Swift” ni “fast” lililovaa suti. Hutumiwa na magazeti, wahubiri na wanasiasa: swift justice, a swift response. Kwenye meseji ya kumwambia mteja chapati zinakuja, linachekesha. Usilichanganye na SWIFT ya benki, ule msimbo unaoulizwa jamaa wa Qatar au Marekani anapokutumia pesa benki. Hicho ni kifupi cha jina la ushirika wa mawasiliano ya mabenki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, na pesa zinaweza kuchukua siku kadhaa kufika.

“Rapid” halipendi kumwelezea mtu. “I am a rapid person” haisemwi. Linapenda michakato, na utaliona pia katika jina la mabasi ya BRT, yaani Bus Rapid Transit.

“Brisk” ni uchangamfu. Siku ya soko, biashara ikichachamaa, “business is brisk”. Ikilala, “business is slow”.

“Hasty” na “rash” ni za lawama. Mtu hajisifu kwa “hasty”. Ukiandika “I make hasty decisions” ukikusudia kwamba unaamua upesi, umejiharibia mwenyewe, andika “I make decisions quickly.”

“Sudden” ni ghafla. Si kasi, ni kutotarajiwa. “Urgent” pia si kasi. Ni uzito wa haja. Kazi ni “urgent”, anayeifanya ndiye “quick”. Na kabla ya “urgent” huja “an”: an urgent matter.

BARABARANI

Waendesha boda na madereva wa matatu hulihitaji eneo hili kuliko wengine, kwa sababu hukutana nalo kwenye vibandiko, kwenye fomu za bima na kwenye taarifa za polisi.

Nyuma ya matatu kumebandikwa “80 KPH”. Chimbuko lake ni kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo pamoja na mikanda zilidai kidhibiti mwendo kwenye magari ya abiria. Mitaani na kwenye vituo vya biashara kiwango ni kilomita 50 kwa saa. Ukieleza mwendo kwa Kiingereza, tumia “at”:

Sahihi: The car was moving at 60 kilometres per hour.
Sahihi: The matatu passed us at high speed.
Makosa: The car was moving with 60 kph. The matatu passed in a high speed.

Kwa kuzidisha mwendo, Kenya nzima husema “overspeeding”. Neno hilo limeota mizizi na sioni likiondoka. Hata hivyo, mtahiniwa au anayejaza fomu ya bima ya kampuni ya nje aandike “speeding”, kwa sababu tayari hilo lina maana ya kupita kiwango. “He was fined for speeding.” Kitenzi chake katika wakati uliopita huwa “sped”: the rider sped off.

Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka kile kinachoitwa “instant fine”: ukizidi kiwango kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, kwa 11 hadi 15 ni 3,000, kwa 16 hadi 20 ni 10,000. “Instant” hapa ni papo hapo, kama kahawa ya unga inayokorogwa bila kuchemshwa.

“Express” nalo hudanganya. Watu huliona wakafikiri ni mbio, kumbe hasa ni kutosimama. Treni ya Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa, iliyozinduliwa Mei 2017, ni mfano mzuri. Ile ya asubuhi iitwayo Inter-County hupita reli ile ile, lakini husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Ile ya moja kwa moja ndiyo “express”. Makanga akikuambia gari ni “express” ametaja vituo, hajakuahidi mwendo, na ikiwa Naivasha Road imefungana utakaa humo kama wengine.

Foleni yenyewe huitwa “slow-moving traffic” au “heavy traffic”. “There is a lot of jam” inaeleweka Nairobi. Mgeni kutoka London atafikiri umetaja jemu ya kupaka mkate.

MESEJI KWA MTEJA

Kwenye biashara, neno zuri la kasi kuliko yote ni tarehe. Maneno kama “fast”, “soon” na “ASAP” hupimwa na kila mtu kwa saa yake. Fuata hatua hizi:

1. Anza na siku na saa. “Your sofa will be ready by Friday, 4 p.m.” Kumbuka kugeuza saa: saa kumi jioni ni “4 p.m.”, na saa mbili asubuhi ni “8 a.m.” Kosa hili hutokea hata kwa watu waliosoma, wakiwa wamechoka.

2. Tofautisha “by” na “on”. “By Friday” ni Ijumaa au kabla yake. “On Friday” ni Ijumaa yenyewe.

3. Kama huna hakika, toa wakati wa kutoa habari badala ya wakati wa kumaliza. “I will call you by noon tomorrow with the exact day.”

4. Ukichelewa, sema mapema na utaje siku mpya. “The fabric came late. The new date is Monday, 10 a.m. I am sorry for the delay.” Usiseme “I will do it fast fast”. Kurudiarudia neno kunanoga kwa Kiswahili; kwa Kiingereza kunasikika kama mtoto.

5. Mzigo ukiwa njiani: “The rider is on the way and will reach you in 20 minutes.” Na ukiondoka ukasema “nakuja” kwa maana ya kwamba utarudi, usitafsiri “I'm coming”. Sema “I'll be right back.”

Kwa mkubwa au kwa ofisi, tahadhari zaidi. “Reply ASAP” kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa ni amri. “At your earliest convenience” ni heshima, lakini inamwachia mwenzako aamue lini. Usiitumie kama ada ya mtoto inatakiwa Jumatatu. Katikati ya hayo mawili ipo hii: “I would be grateful for your reply by Thursday.” Ina adabu, na ina siku.

Ofisi zetu zinapenda “Kindly revert soonest.” Humu nchini inapita. Nje, “revert” ni kurudi katika hali ya zamani, na “soonest” pekee yake linaning'inia. “Please reply as soon as possible” haina lawama popote. “Kindly expedite” ni sahihi, ila ni nzito. Iache kwa wanasheria na makarani wa ardhi.

CV NA USAILI

Kwenye saiba nyingi, CV huchapwa kutoka kwa mfano mmoja uliokaa kwenye kompyuta miaka na miaka, na mstari wa sifa husomeka “hardworking, fast, honest and God-fearing”. Mwajiri anayepitia karatasi hizo kwa rundo hausomi tena mstari huo. Fanya hivi:

1. Futa “fast” linalosimama peke yake. Fast kwa nini?

2. Badala yake weka kitendo na kiasi chake. Mpishi: “I can serve 60 plates during lunch hour.” Mpiga chapa: “I type 45 words per minute.” Matangazo ya kazi za ukatibu serikalini yametumia kipimo hiki kwa miaka mingi, kwa kifupi cha w.p.m., na ndicho waajiri wa kazi za kunakili sauti za mtandaoni wanachouliza. Jipime kweli kabla ya kuandika, kwa sababu utapimwa.

3. Soma tangazo upya. “Fast-paced environment” haimaanishi ofisi ya watu wanaokimbia. Ni mahali pa kazi nyingi zinazofuatana bila nafasi ya kupumua. “Tight deadlines” ni muda mfupi wa kumaliza. “Turnaround time” ni muda kati ya kupokea kazi na kuirudisha. Usikubali sharti ambalo hujui linakudai nini.

4. Kwenye usaili, ukiambiwa “Take your time”, usiharakishe kujibu. Si mtego.

5. Fika “early”, jibu barua pepe “promptly”, jifunze “quickly”. Sentensi tatu kwa maneno matatu, na hakuna “fastly” ndani yake.

TAHADHARI: MANENO YANAYOUZA MKOPO

“Instant loan”, “quick cash”, “fast approval”. Maneno hayo yote yanaeleza jinsi pesa inavyoingia. Hakuna hata moja linaloeleza jinsi inavyotoka. Ukiyaona kwenye programu ya simu, tafuta maneno mengine matatu kabla ya kubonyeza: “interest” ambayo ni riba, “fee” ambayo ni ada, na “due date”, siku ya kulipa. Tangu kanuni za mwaka 2022, wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na benki hiyo huchapisha majina ya waliopewa. Angalia jina liwemo. “Quick” kwenye tangazo si ahadi ya kisheria.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTUMA

☐ Nimeuliza ni nini kinachopimwa: mwendo, muda, mabadiliko, au majibu?
☐ Hakuna “fastly”, “more faster” wala “fasten” ya kuharakisha?
☐ “Fast” na “first” hazijabadilishana?
☐ Nilipotaka kusema mapema nimeandika “early”, na nilipotaka karibuni nimeandika “soon”?
☐ Kabla ya mwendo wa gari nimeweka “at”?
☐ Kuna siku na saa, na saa nimeigeuza vizuri?
☐ Kwa mkubwa, nimeomba au nimeamuru?

Mazoezi hayahitaji darasa. Kamusi za wanafunzi za Oxford, Cambridge na Longman zinapatikana bure kwenye intaneti, na zina faida moja kuliko kamusi ya kawaida: chini ya kila neno huweka mifano ya sentensi na maneno linaloambatana nayo. Usisome maana tu, soma mifano. Asiye na simu ya kisasa anaweza kuzisoma zilizochapwa kwenye maktaba ya McMillan, mtaa wa Wabera katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931. Leo jioni anza na “quick”: nakili sentensi tano, kisha fungua meseji ulizowatumia wateja wiki hii na usahihishe moja.